Nilienda Dublin 2012 kuwaaga Westlife. Miaka sita baadaye wakarudi. Niulizeni

KadogoWaBuru

Juzi kijana mmoja aliuliza kama ni wazimu kumaliza akiba ya mwaka kwenda ng'ambo kuona kundi linaloaga mashabiki. Mlimcheka hadi akanyamaza. Huo wazimu mimi niliufanya, kwa hivyo kijana, kuja huku tuongee.

Kwa mliozaliwa juzi: mwaka 2000, 2001 hivi, hungepanda matatu ya Buru usiwasikie Westlife, lile kundi la waimbaji vijana kutoka Ireland. Mimi na rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja tulikuwa na daftari la Kasuku limejaa maneno ya nyimbo zao. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: mmoja anashika kitufe cha redio kaseti, mwingine anashika kalamu. Mstari mmoja, simamisha, rudisha nyuma, sikiza tena. Kuna mahali tuliandika upuzi mtupu na tukauimba huo upuzi kwa moyo wote karibu mwaka mzima, mpaka mwalimu wa Kiingereza alipolinasa daftari darasani. Tulijua tumekwisha. Akalirudisha Ijumaa likiwa limesahihishwa kwa kalamu nyekundu, ubeti kwa ubeti, na chini ameandika 6/10.

Sasa, Oktoba 19, 2011 wakatangaza wanaachana. Walikuwa wamebaki wanne, Shane, Kian, Mark na Nicky, kwani Brian McFadden alishajitoa Machi 2004. Tamasha la mwisho likapangwa Croke Park, Dublin, Jumamosi Juni 23, 2012. Tiketi ziliisha kwa dakika chache, wakaongeza usiku wa tarehe 22. Kadi yangu ya benki ilikataliwa mara tatu. Aliyetuokoa ni nesi mmoja Mkenya anayeishi kule, jamaa ya jirani yetu, akatunyakulia mbili za Jumamosi yenyewe.

Pesa ilitoka kwa chama chetu cha kuchangiana kwa zamu. Zamu yangu ilikuwa Machi na wenzangu walijua nanunua ploti Kitengela, kwa sababu ndivyo nilivyowaambia. Mungu anisamehe, na mweka hazina pia.

Kitu ambacho watu hawajui ni kwamba tiketi ya tamasha ndiyo ilikuwa rahisi kuliko vyote, haikufika hata robo ya nauli. Kilichotutoa jasho ni viza. Ireland haimo Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na viza ya Uingereza haimwingizi Mkenya Dublin. Ni nchi yake na fomu zake. Wakati ule hata ubalozi wao hapa Nairobi haukuwepo, ulifunguliwa tena 2014, kwa hivyo unajaza fomu mtandaoni, unapiga chapa, unasaini, halafu unaituma pasi yako mbali na kuanza kusali. Ada ilikuwa yuro 60. Wanataka stetimenti za benki za miezi sita, barua ya mwajiri, na barua yako mwenyewe ukieleza unaenda kufanya nini. Mimi niliandika ukweli: naenda kuimba.

Nilipata. Rafiki yangu akanyimwa. Alikuwa na saluni yake na kusema kweli alikuwa akishika pesa kunizidi, ila pesa yake ilikuwa kwa simu na kwa chama. Benki alipeleka kitita kimoja wiki tatu kabla ya kutuma maombi. Mtu wa viza akiona akaunti ililala miezi mitano halafu ghafla imeshiba, anajua umeazima. Mimi nilikuwa na karatasi ya mshahara ya kidogo tu lakini inayoingia kila tarehe 28. Barua yake ya kukataliwa ilisema hakuonyesha sababu za kutosha za kumrudisha Kenya. Ana saluni, ana wasichana wawili aliowaajiri, ana mtoto nasari, halafu hana sababu ya kurudi!

Basi nikaenda peke yangu na tiketi mbili.

---

BeiYaJioni

Kwa hivyo ulidanganya chama, ukaacha rafiki, ukaenda kuagana na watu ambao hawakuwa wanaenda popote. DVD ya tamasha hilo hilo ilitoka Novemba 2012. River Road hapo mjini nakala ilikuwa shilingi 50. Hamsini, Kadogo.

---

KinduwaRongai

Ni mimi kijana wa juzi 😅 Asante. Sitaji kundi langu nisichekwe tena. Swali: ulipitia wapi? Naona tiketi ya bei nafuu inapitia London.

---

KadogoWaBuru

@KinduwaRongai usinunue kabla hujasoma masharti. Pasi ya Kenya inahitaji viza ya kupitia pale London hata kama hutoki nje ya uwanja wa ndege. Mimi nusura nianguke kwa mtego huo, wakala aliniuzia ndoto ya nauli rahisi bila kunitajia viza, na nilipomuuliza akasema "hiyo ni maneno ya uhamiaji, madam". Nikapitia Dubai, ndege za Emirates za kwenda Dublin zilikuwa zimeanza Januari ya mwaka huo huo. Nauli elfu themanini na kitu.

@BeiYaJioni DVD ninayo. Nimejitafuta humo mara nyingi. Sionekani.

---

MwanaWaKibokoni

Hebu tuache hesabu bi dada, twambie kule kulikuwaje. Uliingia na uhamiaji wakakuelewa?

---

KadogoWaBuru

Wacha nikwambie. Ofisa alikuwa mzee mwenye miwani. Akauliza nimekuja kufanya nini. Nikasema tamasha la Westlife. Akaniangalia, akaangalia pasi, akaita mwenzake wa kibanda cha pili: njoo uone, mama huyu katoka Nairobi kuja kuwaona wale vijana wa Sligo. Yule wa pili akasema binti yake anaenda usiku huo huo. Muhuri, pwaa! Mimi nilikuwa nimebeba stetimenti, barua, hata picha ya nyumba yetu ya Buru. Hakuna aliyeziangalia.

Aibu yangu ya kwanza ilikuwa basi. Mabasi ya Dublin hayana makanga. Unaweka nauli kwa mashine iliyo kando ya dereva, sarafu peke yake. Nikatoa noti ya yuro tano. Dereva akatikisa kichwa. Nikamnyooshea tena nikidhani hajaiona. Nyuma yangu foleni, mvulana mwenye begi la gofu anapumua kisogoni. Mama mmoja akanivunjia noti. Nikaweka sarafu zikizidi nauli, nikangoja chenji. Wapi! Mashine inakupa kikaratasi kinachosema unadai senti kadhaa, uende ofisi yao ya O'Connell Street ukachukue. Sisi huku makanga akikuambia "chenji baadaye" unajua umeibiwa. Wao wanakuandikia kabisa. Nilienda O'Connell Street. Nilikuwa nimetoka mbali mno kuacha senti zangu Ulaya.

Nililala Drumcondra kwa nyumba ya mama mmoja anayekodisha vyumba, kutoka hapo Croke Park ni kutembea kwa miguu. Sasa huo uwanja. Unabeba watu 82,300. Kasarani yetu tunayojivunia wakati ule ilihesabiwa elfu 60. Na si wa soka, ni wa michezo yao wenyewe ya asili, wachezaji hawalipwi mshahara, Jumatatu wanarudi kazini kufundisha shule na kukamua ng'ombe. Nilipoambiwa hivyo nilidhani natungiwa.

Barabara nzima wanawake. Wanawake wa umri wangu, wengine na mama zao, wamevaa skafu zenye majina, wanaimba kabla hata ya kufika langoni. Nilijihisi nimefika kwa watu wa ukoo ambao sijawahi kukutana nao.

Na jua! Nilipanga kulia gizani kwa heshima zangu. Saa tatu usiku kwa saa yao, jua bado liko juu linanimulika usoni. Dublin mwezi wa sita jua linatua karibu saa nne usiku. Nililia mchana kweupe, kando ya mwanamume aliyekuja na mke wake na aliyenipa kitambaa bila kusema neno.

Kiti cha rafiki yangu sikukiuza. Nje walanguzi walikuwa wanaulizia tiketi kila hatua, wangenilipa vizuri. Nilikiwekea kiondo changu. Watu wakipita wakiuliza kama kuna mtu, nasema yuko.

---

MsusiWaUmoja

Kumbe. Kwa miaka hii yote uliniambia kiti ulimpa mtoto fulani wa shule aliyekosa tiketi. Nikakusifu kanisani.

Hamjambo wote. Mimi ndiye rafiki wa saluni. Na kwa kuwa ameamua kuniweka hadharani na akaunti yangu iliyoshiba ghafla, na mimi niongee.

Usiku ule nilikuwa Umoja nasuka bibi harusi wa Jumapili. Saa zetu ziko mbele kwa saa mbili wakati huo wa mwaka, kwa hivyo kwangu ilikuwa inakaribia saa sita. Simu ikalia, namba yake. Nikaweka sauti ya juu, nikaiegemeza kwa chupa ya mafuta ya nywele. Sikusikia wimbo. Nilisikia kitu kama mvua ya mawe kwa mabati, na katikati yake Kadogo anapiga kelele "unasikia? unasikia?" Halafu kredo yake ikaisha. Laini ya Kenya ukiwa nje ilikuwa inakula pesa kama moto wa kichaka. Bibi harusi akaniuliza ni nani amekufa.

---

KadogoWaBuru

😂😂 Dakika mbili na sekunde chache, shilingi mia tano na zaidi. Ulikuwa ule wimbo wa ukurasa wa kwanza wa daftari.

---

BeiYaJioni

Sawa, mmenigusa kidogo. Lakini hoja yangu bado iko pale pale. Kuaga ni biashara. Unatangaza mwisho, tiketi zinaisha kwa dakika, unapumzika, unarudi na watu walewale wanalipa tena. Hawa walitangaza kurudi Oktoba 2018, na Julai 2019 wako Croke Park ile ile, usiku mbili tena. Ukienda kwa mganga akakufanyia hivyo utasema ni tapeli.

---

MzeeWaRumba

Vijana, nyinyi mna bahati ya kuagwa. Bendi tulizokulia hapa Nairobi haziagi, zinagawanyika. Simba Wanyika ya akina Kinyonga kutoka Tanga: 1978 vijana wakatoka wakaunda Les Wanyika, na baadaye wakatoka wengine tena na jina lingine la Wanyika. George akafariki 1992, Wilson 1995, ikaisha hivyo. Hakuna aliyetangaza tamasha la mwisho. Ulikuwa unaenda klabu Jumamosi unakuta mpiga solo ni mwingine, unauliza, unaambiwa yule alihamia upande wa pili wa barabara. Ningelipa nauli ya Dublin kama mtu angeniambia mapema ni usiku gani wa mwisho kumsikia John Ngereza wa Les Wanyika.

Hata Sauti Sol juzi, Novemba 4, 2023 pale Uhuru Gardens, nilimpeleka mjukuu wangu. Alilia. Nikamwambia wamesema wanapumzika tu. Akasema, guka, hujui mambo ya wanaume.

---

GitaaNzito

@BeiYaJioni ngoja nikupe upande wa pili, kwa sababu mimi niliamini hoja yako na inaniuma mpaka leo.

Mimi ni wa gitaa nzito, yaani muziki wa metal, sisi wa Nairobi ni wachache lakini tuko. Black Sabbath walifanya tamasha la mwisho Birmingham Februari 4, 2017. Sikuenda. 2025 wakatangaza lingine, mji ule ule, uwanja wa Villa Park, Julai 5, wale wanne wa mwanzo wote jukwaani kwa mara ya kwanza tangu 2005. Pesa nilikuwa nayo. Jamaa wa Coventry alisema nitalala kwake. Nikajiambia, wazee hawa washaaga mara ngapi, watarudi. Viza ya Uingereza na pesa zake, aah, wacha.

Nikatazama kwa simu nikiwa kitandani Zimmerman. Ozzy, mwimbaji wao, aliimba ameketi, kwa kiti kikubwa cheusi kama cha mfalme, hawezi kusimama kwa sababu ya ugonjwa wa Parkinson, lakini mikono anarusha. Julai 22 akafariki. Siku kumi na saba.

Huwezi kujua ni kwaheri gani ya ukweli. Hilo tu.

---

BeiYaJioni

Pole kaka. Hiyo sina jibu.

---

MzaramoMgeni

Wakuu wa Nairobi, nasoma kutoka Dar nikiwa daladalani, nimepitiliza kituo. Dada msusi, hujamaliza. 2019 wamerudi, ikawaje?

---

MsusiWaUmoja

Mgeni wetu ameuliza vizuri, hawa wengine wanazika watu tu.

2019 nikaenda MIMI. Baada ya ile barua ya 2012 nilikasirika wiki moja, halafu nikaenda benki. Kila jioni nikifunga saluni, pesa ya siku inaingia akaunti, hata kama ni mia nane. Kesho yake naitoa kununua bidhaa, lakini imepita, imeacha alama. Nikasajili jina la biashara, nikachukua leseni ya kaunti, nikaanza kulipa ushuru. Mhasibu akaniuliza ni mkopo natafuta? Nikamwambia ni Westlife.

Wakati huo ubalozi wao ulikuwa uko hapa hapa Nairobi. Barua yangu ya maelezo ilikuwa na ukurasa mmoja. Nilitaja nilishanyimwa 2012, na nikaambatanisha ile barua. KinduwaRongai sikia hapo: usifiche kama ulishawahi kunyimwa. Wanaona tu. Ukificha umejimaliza.

Julai 5, 2019, Ijumaa. Wote wanne walikuwepo. Na nikuambie BeiYaJioni, kama wangekuwa waaminifu kwa kwaheri yao ya 2012, mimi singewaona maisha yangu yote. Huo uongo ulinifaa.

Kadogo alikataa kuja. Alisema yeye alishaaga.

---

KadogoWaBuru

Nilikuwa na mtoto wa miezi mitano!! Usinipake matope.

Lakini ni kweli pia kwamba niliposikia wanarudi nilikasirika. Nilikuwa kwa foleni ya kulipia stima nikaona habari kwa simu. Watu wangu wa chama, waliokuja kujua ukweli kuhusu ploti, walinitumia ile habari wote kumi na wanne, mmoja baada ya mwingine. Mweka hazina aliandika: "Ploti za Kitengela sasa ni milioni." Hakuna salamu.

Siku hizi nimetulia. Mark alitangaza Februari 2024 kwamba anaacha ziara kwa sababu ya afya, kwa hivyo wanaopanda jukwaani sasa ni watatu. Nikitazama video za sasa hivi macho yangu yanamtafuta pale pembeni. Kwa hivyo wanne walioimba usiku ule ni kitu nilichokipata na hakuna wa kuninyang'anya, awe mweka hazina au nani.

---

KinduwaRongai

Nimesoma yote. Mimi ni wa boda, pesa yangu yote iko kwa simu. Tamasha ni miezi minane ijayo. Nianzie wapi?

---

MsusiWaUmoja

Benki, kesho asubuhi kabla hujabeba mteja. Kidogo kidogo kila siku, usiingize kitita. Barua ya chama chenu cha boda, ikisema umekuwa mwanachama tangu lini. Kitabu cha umiliki wa pikipiki kama ni yako. Tiketi ya tamasha nunua, lakini tiketi ya ndege weka nafasi tu, usilipe mpaka viza itoke. Wengi wanalipa kwanza kwa msisimko, wananyimwa, wanabaki wanalia kwa ofisi ya wakala. Na picha za pasi usipige kwa kibanda cha rafiki yako, uliza vipimo.

---

GitaaNzito

Na ukifika, chukua kikaratasi cha chenji 😂

---

KinduwaRongai

Sawa madam. Kundi ni la Korea, nimesema. Chekeni.

---

MzeeWaRumba

Hakuna atakayecheka. Vaa sweta.

---

MsusiWaUmoja

Kadogo, swali la mwisho halafu nilale. Ile tiketi yangu ya 2012, ya kiti cha kiondo. Bado unayo?

---

KadogoWaBuru

Iko ndani ya daftari. Ukurasa wa kalamu nyekundu.

---

MsusiWaUmoja

Daftari ni langu. Nililinunua mimi kwa pesa ya mandazi. Naja Jumapili.